Maliwali Waliokataa Kutumwa

Mama mmoja msomaji wetu, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Ndhiwa, ametuletea salamu na swali. Watoto wake wanakua wakisikia habari za Gor Mahia, mtawala na mganga wa Kanyamwa, ambaye timu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968 ilichukua jina lake. Nao wamemwuliza: “Mama, kwenu Pwani nani alitawala? Au mlitawaliwa na Oman tu?” Tumeliona swali hili kuwa zito, kwani mtoto asiyeambiwa asili yake huambiwa na wengine.

Na tuanzie Ngomeni, Mombasa. Maimamu wa Kiyaarubi wa Oman, walipokwisha kuwatoa Wareno, waliweka maliwali wao, na hatimaye uliwali ukawafikia Wamazrui. Katika miaka ya 1740 Ahmad bin Said, Mbusaidi aliyekuwa liwali wa Sohar, alijitwalia uimamu. Liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman, akakataa kumtii. Hoja yake haikuwa ngumu: liwali mwenziwe amejipa Oman, yeye kwa nini asijishikie Mombasa?

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Vietnam ilijitoa mikononi mwa China kwa njia hiyo hiyo katika karne ya 10, majemadari wakijitawalia jimbo walilokabidhiwa, hata Ngô Quyền akazivunja merikebu za Han ya Kusini katika mto Bạch Đằng mwaka 938.

Imamu hakuleta jeshi, alileta hila. Mwaka 1746 watu wake waliingia Ngomeni kwa sura ya urafiki, wakamwua Muhammad. Nduguye, Ali bin Uthman, akatoroka kifungoni, akakusanya watu wa mji na jirani zao wa bara, akairudisha Ngome. Baadaye aliizingira Unguja, na alipokaribia kuitwaa akachomwa jambia na jamaa yake mwenyewe. Wageni hawakumweza, wa nyumbani walimweza.

Wala hatutawapamba. Uhuru walioutaka wao hawakuwapa Pemba, na walipoutamani mji wa Lamu walishindwa vibaya huko Shela.

Mwaka 1824, Busaidi walipowabana, Wamazrui walipandisha bendera ya Waingereza kwa mkono wa Kapteni Owen. London haikuikubali, ikashushwa mwaka 1826. Kisha wakagombania urithi wao kwa wao, na kwa ufa huo Seyyid Said akaingia mwaka 1837. Wakubwa wao walikamatwa, wakapelekwa Ghuba ya Uajemi, wasirudi. Waliosalia walikimbilia Gasi na Takaungu.

Kutoka Gasi aliinuka Mbaruk bin Rashid, akapigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Alipozidiwa alivuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani, na huko Dar es Salaam akafariki mwaka 1910, mbali na Ngome ya babu zake.