REDAKSIO: TUSEME YA KWELI AO TUTUNGE?



Kila mwaka, mwezi wa septemba, tunajua kitakachotupata. Mwalimu wa Kifaransa anaingia kalasini, anafuta ubao, anaandika suje: "Eleza namna ulivyopitisha likizo." Ao: "Siku moja ambayo hutaisahau." Ao tena: "Mtu aliyekutendea mema." Kiisha anatazama saa yake, anaketi. Na sisi tunaanza kutafuna biki.

Kutafuna biki huko si juu ya Kifaransa peke yake. Wengi wetu tunajiuliza: niseme mambo yangu mwenyewe, ao nitunge? Jambo hili lilileta mabishano makubwa katika dortwari yetu mwezi uliopita, taa zilipokwisha kuzimwa. Kaka mmoja wa mwaka wa sita, mtu wa maombi, alisema kwa sauti: "Kutunga njo bongo. Na bongo ni zambi." Mwingine akamjibu toka kitandani: "Zambi wapi? Pointi njo pointi." Watu wakacheka, surveyani akagonga mlango, mabishano yakafia pale. Lakini mimi sikulala upesi, maana wote wawili walinigusa.

Nieleze kwanza kosa langu. Nilipokuwa mwaka wa pili, suje ilikuwa ile ya likizo. Likizo yangu niliipitisha shambani kwa nyanya yangu, tukivuna maharagi. Niliona aibu kuandika maharagi. Basi nikatunga kama nilipanda ndege kwenda Kinshasa kumtembelea mjomba. Mimi sikuwahi kupanda ndege hata siku moja. Mjomba wa Kinshasa hayuko. Niliandika kama ndege ilipopita juu ya kwetu nilifungua dirisha nikampungia nyanya mkono, naye akanitambua juu ya shati yangu nyekundu. Kaye ilirudi na 6 juu ya 20, na pembeni wino mwekundu: "Dirisha ya ndege?" Kabla ya saa ya mapumziko kalasi nzima ilikuwa inanipungia mikono.

Lakini lililoniuma zaidi ni jambo lingine. Mwalimu alisema kama wanafunzi saba walipanda ndege likizo ile. Saba! Wote kwenda Kinshasa, wote kwa mjomba. Tulikuwa tumetoa habari ile mu kaye za wakubwa wetu, nao waliitoa mu kaye za wakubwa wao. Labda mjomba yule amekwisha kuzeeka sasa, kwa wageni anaopokea kila septemba.

Je, tulitunga? Mimi nasema hapana. Kutunga ni kazi. Sisi tuliokota. Na wakati ule nilikuwa na maharagi yangu bure: namna maganda yanavyolia yakikauka juani, namna vumbi lake linavyowasha shingoni ukiyapiga kwa fimbo, namna nyanya alivyopima kwa kopo huku akihesabu kwa vidole kama mavuno yatafika minervali ya wajukuu watatu ao ya wawili tu. Yule wa tatu nani? Nilikuwa nimesimama pale nikingoja vidole vyake. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yangu, na niliiacha nikaenda kufungua dirisha lisilofunguka.

Sasa msinisikie vibaya. Sishauri kila mtu aandike mambo ya kwao.

Katika shule nyingine nilikosoma mbele, kulikuwa dada mmoja mwenye kuandika vizuri kupita sisi wote. Suje ilikuwa "Siku moja ya huzuni". Akaandika ya kweli: baba yake aliuza mbuzi wa minervali, kiisha pesa ikaishia kwenye pombe, mama akalala nje usiku mzima akiegemea kibanda kitupu cha mbuzi. Mwalimu alimpa 17. Akafurahi sana na kazi ile, akaisoma mbele ya kalasi ili tujifunze. Hakutaja jina. Lakini nani hakujua? Tuliona shingo yake tu, alivyoiinamisha. Jioni wavulana walikuwa wanalia "mee" akipita kwenye bomba la maji. Habari ikatembea mpaka kwao. Baba yake hakumpiga. Aliacha tu kusema naye, miezi mingi.

Tangu siku ile dada yule, hata suje iwe nini, anapanda ndege.

Nani alikosa hapo? Dada alisema ukweli. Mwalimu alitaka mema. Ila habari ya mbuzi haikuwa ya dada peke yake. Ilikuwa ya baba, ilikuwa ya mama aliyelala nje. Suje ya redaksio haimpi mtoto ruhusa ya kufungua mlango wa nyumba ya wazazi, na pointi 17 haziufungi tena.

Na kuna wengine kati yetu walio na siku moja tu ya kuandika. Ukiwaambia "siku ambayo hutaisahau", hawana ya kuchagua. Usiku wa tarehe 22 mei 2021 mlima Nyiragongo ulipopasuka, watu wa Goma walikimbia, wengine njia ya Sake, wengine wakavuka kuingia Rwanda, na watoto wakapoteana na wazazi gizani. Aliyekuwa mtoto mdogo usiku ule ameketi leo mu kalasi za sekondari. Na vita havina hata haja ya tarehe, kila mmoja anajua yake. Mwanafunzi kama huyo akiandika juu ya sikukuu ambayo haikuwako, na keki na muziki, mimi sitamwita mwongo. Hataki kuuza siku yake kwa pointi 20. Ni haki yake.

Lakini kaka wa maombi atauliza: na zambi je? Tufungue basi Kitabu, maana sisi ni shule ya Misioni.

Somo la 2 Samweli 12 tunalijua. Nabii Natani alipotumwa kwa mfalme Daudi, hakuanza na jina la Uria wala la Batsheba. Alimletea habari ya tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye kondoo mmoja tu. Habari ile ilitungwa. Daudi aliisikiliza kama mwamuzi, akakasirika, akatoa hukumu, na hukumu ile ikamrudia mwenyewe. Kama Natani angaliingia na neno lenyewe mkononi, labda Daudi angalijitetea. Na Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 15, anaeleza baba na wana wawili. Hakuna mtu aliyemwuliza baba yule alikaa kijiji gani.

Upande mwingine kuna Paulo. Katika Matendo 22 na tena katika Matendo 26 anasimama mbele ya watu na kueleza yaliyompata njiani kwenda Damasko. Pale hatungi. Kama angalitunga, ushuhuda wake wote ungalikufa. Lakini tazameni 2 Wakorinto 12: anaeleza habari ya mtu mmoja aliyechukuliwa mbinguni, miaka 14 mbele, bila kusema "mimi". Wafafanuzi wengi wanasema mtu yule ni Paulo mwenyewe. Yeye aliyesema wazi mambo yake mbele ya mfalme Agripa, hapa amejificha nyuma ya "mtu mmoja". Basi hata mtume alichagua pahali pa kusema "mimi" na pahali pa kunyamaza.

Nitaongeza mtu mmoja ambaye vitabu vyake viko katika makanisa yetu mengi: John Bunyan, yule wa Safari ya Msafiri. Alifungwa gerezani Bedford, Uingereza, toka 1660 mpaka 1672, juu ya kuhubiri bila ruhusa ya serikali. Katika 1666, akingali mfungwa, alitoa kitabu cha maisha yake mwenyewe, mashaka yake, hofu yake, majaribu yake, yote kwa "mimi". Miaka 12 nyuma yake, katika 1678, akatoa habari ya Msafiri mwenye mzigo mgongoni, habari iliyotungwa kama ndoto. Mbele ya kuichapa aliuliza rafiki zake. Wengine walisema ichape, wengine walisema hapana, kwa sababu waliogopa mambo ya kutunga. Mnaona? Mabishano ya dortwari yetu yana zaidi ya miaka 300. Na moyo ni ule ule katika vitabu vyote viwili. Mzigo wa Msafiri ulikuwa mzigo wa Bunyan.

Nitapita upesi kwenye vitabu vya Kifaransa. Camara Laye wa Guinea, katika L'Enfant noir (1953), anasema "mimi", na ni utoto wake mwenyewe kule Kouroussa. Ferdinand Oyono wa Kameruni, katika Une vie de boy (1956), anaandika pia "mimi", lakini "mimi" ile ni Toundi, boyi wa mkubwa wa kizungu. Toundi anakufa, Oyono aliishi mpaka 2010. Basi neno "mimi" halimfungi mwandishi kwa kiapo. Walimu wanaotuuliza "Jambo hili lilikupata kweli?" wanapomaliza kusoma redaksio, wangemwuliza Oyono nini?

Hata hivyo kuna pahali ambapo sikubali kutunga hata kidogo. La kwanza ni ushuhuda. Niliona mvulana mmoja akisimama katika maombi ya ijumaa, akaeleza namna mamba alivyomshika mguu mtoni na namna Mungu alivyomtoa. Watu walilia machozi. Kiisha tulijua kama mamba yule alimshika jamaa wa baba yake, mbele yeye hajazaliwa. Huyu alitudanganya, kwa sababu tulimsikiliza kama shahidi, si kama mtungaji. Aliposema "Mungu alinitoa", alimtia Mungu pia ndani ya bongo yake. Angesema tu "jamaa yetu", tungelia vilevile.

La pili ni disertasio, ile inayotungoja kwenye Egizame ya Taifa. Wakubwa wanatufundisha: ukikosa mfano, andika "rafiki yangu mmoja katika mtaa wetu...", na rafiki huyo anafanya yote unayotaka afanye. Anakataa shule, anakuwa mwizi, anakufa, mu mistari minne. Disertasio si kueleza habari, ni kuhakikisha neno. Rafiki aliyetungwa anaweza kuonyesha, hawezi kuhakikisha, maana wewe ndiwe uliyemwamuru. Afazali mfano mdogo wa kweli, toka kitabu ulichosoma ao jambo linalojulikana na watu wote, kuliko maiti ya rafiki asiyekuwako.

Basi mbele ya kuandika mimi siku hizi ninajiuliza neno moja: habari hii ni ya nani? Kama ni yangu peke yangu, na ninaweza kuisikia ikisomwa mbele ya watu bila kuinamisha shingo, ninaiandika kama ilivyo, hata ikiwa ni maharagi. Kama ni ya watu wengine wanaoishi, ninafanya kama Natani: ninabadili mbuzi kuwa kondoo, mtaa kuwa mtaa mwingine, baba kuwa jirani, lakini uchungu ninauacha pale pale. Na kama sijui kitu, ninakwenda kuuliza. Kutunga hakunipi ruhusa ya kutojua.

Kwa walimu wetu, nikiwa na heshima yote, nina maombi mawili. Mkiandika suje ya mambo ya nafsi, ongezeni pembeni suje moja ya kutunga, ili asiyetaka kusema asilazimishwe kusema wala kudanganya. Na mwanafunzi akiandika chini ya karatasi "isisomwe", msiisome mbele ya kalasi, hata ikiwa nzuri namna gani. Mpeni pointi zake kimya. Najua mtasema kama wavivu watajificha nyuma ya neno lile. Wavivu tutawajua tu, wote watakuwa Kinshasa kwa mjomba.

Kaka wa mwaka wa sita, ninangoja jibu lako katika karatasi hizi, si gizani.

Mimi mwenyewe, suje ya trimestri hii ilipokuja, niliandika tena ndege. Ndiyo, ndege! Safari hii nilikwenda kwanza kwa shemasi mmoja aliyekwisha kusafiri mara nyingi juu ya kazi ya kanisa, nikamwuliza yote. Akanieleza mshipi wa tumboni, masikio yanavyoziba, na wingu linavyopita chini yako kama pamba. Dirisha ni dogo, lina kioo juu ya kioo, na halifunguki. Nikamtia nyanya ndani ya ndege, kwenye kiti cha dirishani, na kopo lake la maharagi juu ya magoti, akihesabu kwa vidole. Karatasi haijarudi bado.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Pedagojia