Wales Wakati wa Baridi

Watu wengi hudhani ya kuwa msafiri mwenye akili huitembelea nchi katika majira yake mazuri tu. Mimi sikubali. Aendaye wakati wa wageni huonyeshwa sebule. Aendaye wakati wa taabu huiona nyumba yote.

Itazameni Wales, nchi ndogo iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania. Tangu mwaka 2012 iko njia ya miguu iifuatayo pwani yake, nayo yapata kilometa 1,400. Siku za joto njia hiyo hujaa wageni. Lakini katikati ya Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na mara baada ya saa kumi limekwisha kutua. Mvua na upepo haviishi, na wageni wengi wamerudi kwao.

Hapo ndipo bahari ifunuapo yaliyofichwa. Pale Borth, dhoruba za kipupwe huchukua mchanga, na maji yakupwapo huonekana visiki vya miti, mabaki ya msitu uliomezwa na bahari zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Dhoruba za mwaka 2014 zilifunua vingi sana. Na katika mji wa jirani, Aberystwyth, kwezi kwa maelfu huzunguka angani kama moshi wakati wa magharibi, kisha hushuka kulala chini ya gati.

Tena, wageni wakiisha kuondoka, lugha ya wenyeji, Kiwelisi, husikika waziwazi dukani na njiani. Katika karne ya 19 watoto walioisema shuleni walivikwa kibao shingoni ili waone haya. Hata hivyo haikufa: katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, watu 538,000 hivi walisema kwamba waijua. Mlima mrefu wa nchi hiyo, wenye meta 1,085, wageni huuita Snowdon. Mwaka 2022 wasimamizi wa hifadhi yake waliazimu kutumia jina la wenyeji, Yr Wyddfa.

Mtu atasema, “Njia zateleza, na mawimbi ni makali.” Ni kweli, kwa hiyo msafiri na awaulize wenyeji habari za maji kupwa na kujaa, wala asipite wakimkataza. Akilazimika kuuliza, atajifunza. Na asiyeuliza, hata akienda siku za jua, atarudi na picha tu.