Alberta imeikimbia mahakama

Usiku wa manane kuamkia tarehe 28 Oktoba 2025, bunge la jimbo la Alberta, Kanada, lilipitisha sheria ya kuwarudisha darasani walimu 51,000 waliokuwa wamegoma kwa wiki tatu. Muswada uliwasilishwa siku iliyotangulia, na mjadala ukawekewa kikomo. Mwalimu atakayekaidi atatozwa faini ya dola 500 kwa siku, na chama chake hadi dola 500,000. Makubaliano ya nyongeza ya asilimia 12 kwa miaka minne, ambayo karibu walimu tisa kati ya kila kumi waliyakataa kwa kura mwezi Septemba, yakageuzwa kuwa mkataba wao hadi Agosti 2028.

Hadi hapo, ni ubabe wa kawaida. Serikali kuvunja mgomo wa walimu si habari ngeni masikioni mwetu. Kinachoudhi ni kwamba serikali ya Danielle Smith, waziri mkuu wa jimbo hilo, ilichomeka ndani ya sheria hiyo ibara ya 33 ya Mkataba wa Haki na Uhuru wa mwaka 1982. Ibara hiyo inaruhusu sheria isimame hata kama inakanyaga uhuru wa dini, wa kujieleza, wa kujiunga na vyama, au usawa. Mahakama ya Juu ya Kanada ilishasema mwaka 2015 kwamba Mkataba unailinda haki ya kugoma. Smith alijua njia ya mahakamani inaelekea wapi, akaifunga mapema. Akajikinga hata dhidi ya sheria ya haki ya Alberta yenyewe, ambayo serikali yake ilijigamba kuiimarisha mwaka 2024.

Watetezi wake wana la kusema. Wanafunzi zaidi ya 700,000 walikuwa nyumbani na wazazi wamechoka. Ibara imo ndani ya Katiba, hakuna aliyeiba kitu. Wabunge wamechaguliwa, majaji hawakuchaguliwa. Tena tangazo la ibara ya 33 hufa baada ya miaka mitano lisiporudishwa bungeni, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni mpiga kura.

Hoja hii ya mpiga kura ndiyo nzito kuliko zote, nayo ndiyo inayoporomoka. Ili raia aamue, lazima kwanza ajue anaamua nini. Mahakama itamke kwamba haki imevunjwa. Serikali ijibu hadharani, "tumesikia, na tunaendelea hivyo hivyo". Kisha watu wapige kura. Sasa ile hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa. Quebec ilifanya hivyo mwaka 2019 ilipowakataza walimu, polisi na waendesha mashtaka kuvaa hijabu, kilemba au msalaba kazini. Ontario ikafuata mwaka 2022 dhidi ya wafanyakazi wa shule, ikarudi nyuma siku chache baadaye vyama vilipotishia mgomo wa jimbo zima. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Saskatchewan.

Uchaguzi wa Oktoba 2027 ukifika, mpiga kura wa Alberta atakuwa na nini mkononi? Waziri atasema hakuna haki iliyoguswa, walimu watasema imeguswa, kila upande na wakili wake kwenye televisheni. Na hiyo miaka mitano? Mkataba wa kulazimishwa unakwisha Agosti 2028, miaka miwili na zaidi kabla ya tangazo kufika ukomo. Hakutakuwa na cha kurudishwa bungeni.

Walimu 51,000 angalau wana idadi. Mwalimu wa Montreal, Quebec, mwenye hijabu je? Aliyekuwa kazini kabla ya sheria anaruhusiwa kubaki nayo, ilimradi abaki kwenye nafasi ile ile. Akipandishwa kuwa mkuu wa shule, avue. Huyu aambiwe asubiri uchaguzi? Uchaguzi ndio uliompa sheria hiyo! Haki ziliandikwa kwenye Mkataba kwa ajili ya mtu asiyeweza kushinda kwa kura, na kumrudisha kwenye sanduku la kura ni kumdhihaki.

Peter Lougheed, waziri mkuu wa zamani wa Alberta aliyeipigania ibara hiyo kwenye mazungumzo ya Novemba 1981, miaka kumi baadaye alishauri isitumike kabla mahakama haijasema, na ipitishwe kwa asilimia 60 ya kura. Huyo ndiye baba wa ibara yenyewe! Smith, badala ya kumsikiliza, aliitumia tena kabla ya mwaka 2025 kwisha, safari hii kuzikinga sheria tatu zinazowahusu watu waliobadili jinsia.

Agosti 2025 Mahakama ya Rufani ya Saskatchewan ilisema majaji wanaweza kutamka kama sheria iliyokingwa inabana haki, hata kama hawawezi kuifuta. Januari 2026 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya Quebec, ambamo swali hilo hilo limo. Jibu lisiwe gumu. Tamko kama hilo halimrudishi mwalimu hata mmoja kwenye mgomo, wala halimpunguzii Smith mamlaka aliyopewa na ibara ya 33. Sheria yake ingebaki nzima, pamoja na faini zake. Kinachokwepwa ni kurasa chache za hukumu zinazoeleza alichowafanyia walimu.