Mshauri Naye Afunzwe

Ukiripoti chuo kikuu hapa Kenya, mahali fulani kwenye kile kitabu cha mwanafunzi ambacho hakuna anayekisoma, utakuta umeahidiwa mshauri wa masomo. Ni mhadhiri wa idara yako. Kazi yake ni kukueleza yuniti zipi ni za lazima na zipi ni za kuchagua, nini kinafuata ukifeli moja, na ukitaka kubadilisha kozi uanzie mlango gani. Sasa muulize komredi yeyote wa mwaka wa tatu kama amewahi kukaa naye dakika kumi. Wengi watakwambia walimwona mara moja tu, mlangoni, akitia sahihi fomu aliyoiegemeza ukutani.

Mshauri halisi wa mwanafunzi wa Kenya ni grupu ya WhatsApp. Humo kuna mtu wa mwaka wa nne anayejua kila kitu, na nusu ya anachojua kilibadilishwa na seneti miaka miwili iliyopita. Tunacheka, lakini kuna watu wanaolipia mzaha huu.

Chukua msichana wa Kotile. Simtaji jina kwa sababu nimembuni, ila mtego ninaomtia haukubuniwa na mtu. Kotile ni ile ya Ijara, kando ya Mto Tana, karibu na hifadhi ya Ishaqbini wanakotunzwa hirola. Babake anaweza kukutajia bei ya ng'ombe katika soko la Garissa bila kukuna kichwa. Ukimuuliza yuniti ya lazima ni nini, atakutazama tu, na ana haki. Binti ndiye wa kwanza nyumbani kuingia chuo kikuu. Amepata C+ ya jumla, amepelekwa kusomea ualimu, masomo yake ya kufundishia ni Kiswahili na Jiografia, na yote mawili aliyapita vizuri kidato cha nne.

Mwaka wa pili, Jiografia inaanza kudai pesa za safari za nyanjani. Ratiba nayo inagongana na Kiswahili. Wasee wa grupu wanamwambia hamia Historia, ni rahisi, utasoma tu noti. Anachukua fomu, anaipeleka kwa mshauri. Mshauri anaangalia kama idara ya Historia ina nafasi. Ipo. Sahihi. Imeisha hiyo.

Shida ni kwamba Historia alipata C- kidato cha nne. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, haisajili mwalimu wa sekondari kwa kuangalia digrii peke yake. Inataka C+ ya jumla katika KCSE, na C+ katika yale masomo mawili unayofundisha. Chuo hakina neno, kitampa digrii yake, atavaa joho, hooyo atapiga vigelegele na mbuzi atachinjwa. Kisha atajaza fomu za TSC na kuambiwa hapana. Miaka minne, mkopo wa HELB ukimngoja, na pengine ushauri wa kwanza wa maana atakaopata ni kwamba arudi kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi.

Nani alikosa? Mhadhiri aliyetia sahihi hakuwa mtu mbaya. Hakuijua hiyo kanuni, na hakuna siku aliyowahi kuitwa akaketishwa akafundishwa. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango vilivyotaka mhadhiri awe na PhD, na makelele yaliyofuata tunayakumbuka. Sawa, PhD. Lakini PhD inakufundisha kutafiti jambo moja dogo kwa miaka mitano. Haikufundishi namna ya kusoma matokeo ya KCSE ya mtoto aliyekaa mbele yako, ukayalinganisha na masharti ya TSC, na kumwambia: usihamie huko, tafuta njia ya kulipia safari za Jiografia, na hizi hapa ofisi mbili za kujaribu. Hiyo ni kazi nyingine, na kazi nyingine hufunzwa. Marekani washauri wa masomo wana chama chao, NACADA, tangu 1979. Sisi bado tunaamini ushauri unamwingia mtu siku anapopewa ufunguo wa ofisi.

Na kwa nini Kotile, si Kitengela? Mtoto wa profesa hahitaji mshauri, anamuuliza babake wakila. Mtoto wa Kotile ana ile sahihi tu. Halafu kuna hili. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hukohuko kaunti ya Garissa, na baadaye TSC ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Shule zikabaki na madarasa yaliyojaa watoto na ubao mtupu. Wote wakaimba wimbo mmoja: tupate walimu wenyeji. Vizuri. Mwalimu mwenyeji anatengenezwa wapi? Katika fomu kama ile. Msichana wetu akikataliwa na TSC hajapoteza kazi yake tu, kuna darasa zima huko Ijara limepoteza mwalimu wa Kiswahili.

Garissa yenyewe ina chuo kikuu, na kina historia inayotosha kumnyamazisha mtu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa pale, wengi wao wanafunzi. Walionusurika wakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na chuo kikafunguliwa tena Januari 2016. Kuna wazazi ambao mpaka leo wangeona afadhali mtoto aende mbali. Kwa hivyo anaenda mbali, mahali hana mjomba wala jirani wa kumuuliza, na tunamkabidhi kwa mhadhiri ambaye hajafunzwa.

Najua nitakachojibiwa. Wahadhiri wamechoka, wanagoma kila mara kudai malipo waliyoahidiwa, wale wa muda hukaa miezi bila shilingi, na darasa moja lina mamia ya watu. Yote kweli, na niko upande wao. Ndiyo maana sisemi waongezewe mzigo bure. Saa za ushauri zihesabiwe kama saa za kufundisha na zilipwe. Na kabla ya kila kundi jipya kuripoti, wafungiwe siku mbili ukumbini na msajili wa chuo, mtu wa TSC, mtu wa HELB na mtu wa KUCCPS. Waletewe matokeo halisi ya wanafunzi, majina yakiwa yamefutwa, waulizwe: huyu anataka kuhama, utamwambiaje? Anayejibu "sijui, ngoja nimpigie msajili" amefaulu. Anayechukua kalamu kwanza arudie.

Jibu la pili huwa linaniudhi: eti mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, ajisomee. Ajisomee wapi? Kanuni za digrii ziko kwa seneti, za usajili ziko TSC, za mkopo ziko HELB, na hakuna kitabu kimoja kinachozikutanisha. (Mimi niliacha chuo kwa sababu nyingine kabisa, kwa hivyo sitafuti wa kumlaumu hapa.) Hata mtu mzima akienda hospitali hatarajiwi kujiandikia dawa.

Mpaka siku mbili hizo zipatikane, komredi, usipeleke fomu ya kubadilisha somo ikiwa peke yake. Chapisha ukurasa wa masharti ya usajili wa TSC, ubane pamoja na nakala ya matokeo yako ya KCSE, uviweke juu ya fomu. Mshauri asome hivyo viwili kwanza, mkiwa mmeketi wote wawili, na mlango umefungwa.