Ufunguo wa ukurasa usikae kwa mtu mmoja

Mei 20, 2025, wadukuzi waliingia katika akaunti ya X ya Jeshi la Polisi Tanzania, wakaeneza uongo kwamba Rais amefariki. Ikiwa polisi wa taifa wananyang'anywa sauti yao, kampuni au shirika la hapa Goma litajilindaje?

Kwetu, zaidi ya wadukuzi kuna hatari ya kutawanyika. M23 ilipoingia mjini Januari 2025, wengi walikimbia. Ukurasa wenye msimamizi mmoja huondoka naye. Simu inayopokea msimbo wa kufungulia ikiporwa, akaunti nayo iko hatarini.

Wasimamizi wawe wawili au watatu, kila mmoja na akaunti yake. Barua pepe na namba ya simu viwe vya shirika, si vya kijana anayechapisha. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Anayeacha kazi aondolewe siku hiyohiyo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mji ambamo uvumi mmoja unaweza kuwakimbiza watu usiku, kutunza ukurasa ni sehemu ya uwakili wetu: tunawalinda wanaotuamini.