Trekta ndogo iliyotumika: Uliza spea kabla ya kuuliza bei

SIKU hizi si ajabu kumsikia mfanyakazi wa jijini akisema ana ekari tatu Kitengela, nne Juja au tano pande za Njoro. Wiki nzima yuko ofisini na tai shingoni, Jumamosi yuko shambani na gambuti. Na karibu kila mmoja wao, baada ya msimu mmoja au miwili ya kusubiri trekta ya kukodi hadi mvua inaanza kumpita, huanza kuota trekta yake mwenyewe.

Ndoto hiyo si mbaya. Ila trekta mpya ni ghali mno kwa familia ya kawaida, na kwa hivyo macho huelekea kwa zile ndogo zilizokwisha kutumika, ambazo nyingi hutoka Japani. Utazikuta zimepangwa uani mwa muuzaji, zimepakwa rangi mpya, tairi zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Muuzaji naye ana maneno matamu kuliko asali.

Msomaji, pesa zinazotolewa hapo si za mchezo. Ni akiba ya chama, ni mkopo wa Sacco, ni kiinua mgongo cha mzee aliyetumikia umma miaka 30. Zikizama katika chuma kibovu, hazirudi. Ndiyo maana leo ningependa tuzungumze taratibu kabla hujatoa hata senti ya arbuni.

Jambo la kwanza halihitaji hata kuiona trekta. Linahitaji kalamu na karatasi. Keti na mwenzako nyumbani muorodheshe kazi ambazo trekta hiyo itafanya, mwezi baada ya mwezi, kuanzia Januari hadi Disemba.

Tuseme mna ekari tano, mnalima na kupiga haro mara moja kila msimu, na misimu ni miwili kwa mwaka. Hizo ni ekari 20 za kazi. Tuseme tena kuwa mwenye trekta wa kijijini hutoza Sh3,000 kwa kila ekari. Kwa mwaka mzima mtakuwa mmemlipa Sh60,000. Sasa mkinunua trekta ya Sh800,000, itachukua zaidi ya miaka 13 pesa hizo kurudi, na hapo hatujataja dizeli, oili, spea wala mshahara wa dereva. Bei za kwenu huenda zikawa tofauti, lakini njia ya kupiga hesabu ni hii hii.

Je, nasema usinunue? La hasha! Nasema kwamba trekta ya kulima peke yake, katika shamba dogo, haijilipi. Yapasa iwe na kazi mwaka mzima: kuvuta trela la maji, samadi na nyasi za ng'ombe, kuzungusha mashine ya kukatakata lishe, kufyeka nyasi, na kuwalimia majirani kwa malipo. Ukiweza kuandika kazi nne au tano za kweli, endelea na safari. Ukibaki na moja tu, afadhali uungane na majirani mumlipe mwenye trekta mapema, mvua isije ikawapita tena.

Baada ya kazi, tazama udongo. Trekta ndogo tunazozungumzia huwa na nguvu za farasi kati ya 15 na 30 hivi. Zimeundwa kuwa nyepesi, na wepesi huo una faida na hasara zake. Katika udongo mwekundu uliolainika kwa mvua, trekta ya nguvu za farasi 20 yenye rotaveta ya upana wa mita 1.2 itafanya kazi nzuri. Ikienda mwendo wa kilomita mbili kwa saa, inapitia mita mraba 2,400 kila saa. Ekari moja ina mita mraba 4,047, kwa hivyo ukihesabu na muda wa kugeuza, ekari itakula saa mbili hadi tatu.

Lakini ukiipeleka trekta hiyo hiyo kwenye udongo mweusi wa Kitengela wakati wa kiangazi, ambapo ardhi imekauka na kupasuka, itahangaika bure. Haina uzito wa kuzamisha plau ya diski katika udongo mgumu namna hiyo. Udongo huo ukitota nao, tairi huzama na kuteleza. Mwenye shamba la aina hiyo ama asubiri siku chache udongo uwe na unyevu wa kiasi, ama akodi trekta kubwa kwa kazi ya kwanza, hii ndogo ifuate kulainisha.

Sasa tuingie katika kiini cha mazungumzo yetu, nacho ni spea.

Japani ni nchi ya mashamba madogo ya mpunga. Kampuni kama Kubota, Yanmar na Iseki zilijifunza zamani kuunda trekta ndogo za kutosha vishamba hivyo. Yanmar, kwa mfano, iliunda injini yake ndogo ya dizeli mwaka wa 1933. Ni mashine imara sana. Hata hivyo, nyingi kati ya zile unazoziona zimetumika ziliundwa kwa ajili ya mkulima wa Japani peke yake. Namba ya modeli huenda isipatikane katika vitabu vya spea vya nchi nyingine, na maandishi ya onyo na ya gia yameandikwa Kijapani.

Jambo hili liliwahi kufika mahakamani Marekani. Mwaka wa 1997 tume ya biashara ya kimataifa ya nchi hiyo ilizuia trekta za Kubota zilizotumika, zilizoundwa kwa soko la Japani, zisiingizwe nchini humo. Mwaka wa 1999 mahakama ya rufani iliunga mkono uamuzi huo. Miongoni mwa sababu ni kwamba trekta hizo hazikuwa sawa na zile zilizoundwa kwa soko la Marekani, hazikuwa na maandishi ya onyo ya Kiingereza, na baadhi ya spea zake hazikuwa zikipatikana kwa wauzaji wa huko.

Hapa kwetu kila mnunuzi ajiamulie. Kwa hivyo, kabla ya kujadili bei, andika namba ya modeli ya trekta na namba ya injini. Shika njia uende Kirinyaga Road, Nairobi, au kwa wauza spea wa mji ulio karibu na shamba lako. Uliza vitu vitano tu: chujio la oili, chujio la dizeli, sahani ya klachi, pampu ya maji, na gasketi ya kichwa cha injini.

Ukionyeshwa kwenye rafu, vyema. Ukiambiwa "hiyo tutakuagizia," uliza kwa siku ngapi na kwa pesa ngapi, kisha ujiulize kama mvua itakusubiri. Muulize pia fundi wa kijijini kama amewahi kufungua injini ya aina hiyo. Hiyo ndiyo sababu wakulima wengi hawaachi zile Massey Ferguson kuukuu, ijapokuwa ni kubwa na hunywa dizeli zaidi. Spea ziko na mafundi wanazijua. Kama shamba lako linaruhusu ukubwa huo, usiidharau.

Ukiridhika na spea, sasa nenda ukaikague. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi mpya haisemi lolote. Nenda na fundi wako mwenyewe, umlipe wewe, wala si fundi wa kuonyeshwa na muuzaji. Mwarifu muuzaji mapema kuwa injini isiwashwe kabla hujafika.

Ukifika, weka mkono juu ya injini. Ikiwa ina moto, jua imekwisha kuwashwa, na pengine kuna tatizo linalofichwa la kuwaka ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ni jambo la kawaida kwa dizeli, lakini ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Fungua radieta ingali baridi, uangalie kama kuna mafuta yanayoelea.

Kisha iwashwe. Moshi kidogo mwanzoni si hoja. Ukiendelea kuwa wa buluu injini ikishapata moto, injini inachoma oili. Ukiwa mweupe usiokwisha, huenda dizeli haiungui vizuri au maji yanaingia. Ukiwa mweusi, pengine chujio la hewa limeziba au dizeli inamwagwa kupita kiasi. Injini ikinguruma polepole, fungua kifuniko cha kutilia oili. Moshi ukitoka kwa kishindo, pistoni na ringi zake zimechoka.

Inua rotaveta hadi juu kabisa, kisha zima injini. Ikishuka mara moja, mfumo wa haidroli unavuja. Zungusha usukani huku na huku utazame kama magurudumu ya mbele yanachelewa kuitikia. Chungulia ekseli ya mbele kama inatokwa na oili. Jaribu kila gia, na ujaribu breki ya kushoto na ya kulia moja moja. Washa ule mhimili wa nyuma unaozungusha mashine, ambao mafundi huuita PTO, usikilize kama unalia.

Na ile mita ya saa za kazi? Isome, lakini usiiamini peke yake, kwani mita hubadilishwa. Mita ikisema saa 600 huku pedali zimelika hadi chuma na kiti kimechakaa, amini pedali.

Usisahau karatasi. Trekta ya kupita barabarani husajiliwa kama gari lolote. Angalia rekodi zake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) kupitia mtandao wa eCitizen, uhakikishe jina la mwenyewe ni la huyo unayezungumza naye, na namba ya chesisi ni ile iliyo kwenye chuma. Tena, tangu sheria ya mwaka wa 2017 kuhusu mali inayohamishika iliyowekwa dhamana, kuna sajili ya mikopo ya namna hiyo. Itazame pia, usije ukanunua trekta ambayo bado ina deni la mtu.

La mwisho ni la uhai, na ningeomba lisomwe na nyumba nzima. Trekta ndogo hupinduka kwa urahisi kwenye mteremko, na nyingi za zamani kutoka Japani hazina ile fremu ya chuma ya kumkinga dereva isimlalie. Nchi ya Sweden ilianza kuilazimisha fremu hiyo kwa trekta mpya mwaka wa 1959, na vifo vya kuangukiwa na trekta vikapungua mno. Ikiwa trekta unayoitaka haina fremu, uliza kama modeli hiyo ina fremu yake na bei yake, uijumlishe katika hesabu. Ikiwa ipo, funga mshipi. Bila mshipi utarushwa nje na trekta ikuangukie.

Ule mhimili wa nyuma nao lazima uwe na kifuniko. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Ukinasa upindo wa leso au mkono wa sweta, hakuna atakayewahi kuuzima. Na watoto wa mjini wanaokuja shamba wakati wa likizo, wanaopenda kukaa juu ya bawa la gurudumu ili wapigwe picha, washushwe. Trekta ina kiti kimoja kwa sababu imeundwa kwa mtu mmoja.

Kwa hivyo, msomaji, mpango ni huu: kazi kwanza, udongo wa pili, spea ya tatu, ukaguzi na karatasi, ndipo bei. Muuzaji atakuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni. Mwambie amkaribishe. Ukikosa hii leo, mwezi ujao utapata nyingine. Kiinua mgongo hakipatikani mara mbili.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mvua njema.