Umezaliwa Nairobi, Utazikwa Wapi?

Najua hii si stori ya wikendi, lakini vumilia kidogo. Wengi wetu tumezaliwa Kayole, Umoja au Kibra. Ushago tunaenda Desemba tu, na kuna wale ambao shamba la babu lilishagawanywa likaisha. Sasa ukifa leo, utazikwa wapi?

Jibu la wengi ni Lang'ata. Makaburi hayo yalifunguliwa mwaka wa 1958 na yakatangazwa kujaa miaka ya 90. Mbona basi bado watu wanazikwa pale? Kuna kaburi la kudumu na kaburi la muda. La muda ni bei nafuu, kwa hivyo ndilo la mtu wa mfuko mdogo. Baada ya miaka kadhaa, pale pale panachimbwa tena, anazikwa mwingine. Yaani hata ukifa bado wewe ni mpangaji, na landlodi ni kaunti.

Pesa za shamba jipya zilishatoka kitambo. Kabla ya ugatuzi, Baraza la Jiji lilinunua ekari 120 kule Mavoko kwa shilingi milioni 283. Bei ilikuwa imefurishwa, na ardhi yenyewe ni mawe, haifai kuzika. Mwaka wa 2018 mahakama iliwahukumu baadhi ya maafisa wa zamani kifungo. Sawa, lakini kifungo cha mtu hakikuletei wewe kaburi.

Utasema watu wachomwe. Wangari Maathai alichomwa Kariokor mwaka wa 2011, na Kenneth Matiba Lang'ata mwaka wa 2018. Ni chaguo zuri kwa anayetaka. Lakini kuna familia ambazo dini au mila haikubali, na hao pia wanalipa ushuru.

Kwa hivyo usimpigie rais kelele. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya makaburi. Ada za kuzika huwekwa kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti, na sheria inataka wewe uulizwe maoni. Wakiitisha kikao mtaani kwenu, enda. Muulize MCA wako mambo matatu: shamba jipya liko wapi, ada ni ngapi, na familia huambiwa lini kwamba muda wa kaburi umeisha?

Tukingoja hadi siku ya msiba, tutauliza tukiwa na jeneza mlangoni. Hapo utalipa chochote utakachoambiwa.